Makauboi wa Ijumaa Mchana

Sehemu niliyoipenda kuliko zote haikuwa na risasi hata moja. Bibi mmoja mzee anaishi peke yake kando ya kisima, mahali njia mbili zinapokutana katika nyika kavu. Anafika askari na mfungwa wake, wote wawili midomo imepasuka kwa kiu. Kisima kimebaki na maji ya chini kabisa, ndoo inapanda nusu yake tope. Bibi anamnywesha mfungwa kwanza. Askari anamuuliza kwa nini. Bibi anamjibu kwamba mwenye bunduki angekunywa hata asingepewa.

Hadithi karibu yote ni hiyo. Muda uliobaki tunamtazama bibi akivuta kamba, anapumzika, anavuta tena. Unasikia roda ikilia. Aliyepiga picha ile hakuwa na haraka, na mimi, ambaye siku nzima nilikuwa nasimama getini nikitazama magari yanayoingia na kutoka kwenye bohari la samani, nilishukuru kuona mtu mwingine anayejua kwamba kazi ni kurudiarudia.

"Hii ni picha au ni matanga?" mwenzangu wa chumbani aliuliza. "Banange, mimi siwezi kutafsiri ukimya."

Tulikuwa Doha, katika kambi moja ya Sanaya, eneo la viwanda, watu sita chumba kimoja. Runinga ilikuwa ile yenye kisogo kirefu, tuliyoachiwa na Mnepali aliyerudi kwao. Kulikuwa na idhaa iliyoonyesha vipindi vya zamani vya makauboi, vyeusi na vyeupe, vikiwa na maandishi ya Kiarabu chini. Vilianza Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wakati waliokwenda msikitini wamerudi na sisi wa kanisani tumerudi pia, na nguo zimeanikwa kwenye korido mpaka mtu anapita ameinama. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu ya pekee ya mapumziko.

Mwenzangu huyo alikuwa Mganda, dereva wa lori la maji. Kabla ya kuja Ghuba alikuwa mtafsiri wa filamu katika vibanda vya video huko kwao. Asiyeijua kazi hiyo aelewe hivi: watu wameketi kwenye mabenchi gizani, sauti ya filamu imepunguzwa, na mtu mmoja ameshika kipaza sauti anawaeleza kwa lugha yao yanayosemwa, na yasiyosemwa pia. Anawapa farasi majina. Anamtania mwenye duka la jirani. Na anaishika sheria moja, kwamba steringi hafi. Steringi ndiye mtu mkuu wa picha. Ikiwa waliotengeneza filamu wamekosea wakamuua, mtafsiri anajua la kufanya. Anasema amezimia tu, au huyo aliyezikwa ni pacha wake.

"Watu wamelipa kiingilio, Afande," aliniambia. Aliniita Afande kwa sababu ya yunifomu yangu ya ulinzi. "Mtu amechoka huko nje, unamwingiza ndani umuulie steringi? Hiyo ni dhambi."

Nyumbani Kenya nasi tulikuwa na vibanda kama hivyo, na makauboi nilianza kuwajua humo, mimi na mdogo wangu. Kwa hiyo chumba kizima kilipokuwa kikimcheka Mganda, sisi wawili tulikuwa tunacheka kitu cha zamani zaidi.

Huyo mdogo wangu ndiye sababu ya kuandika haya. Tulizaliwa watatu. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikaenda kuponda kokoto, kisha nikapata kazi ya ulinzi mjini. Mikutano ya wazazi nilihudhuria mimi, ndevu bado hazijanikaa sawasawa, nikikaa nyuma na akina mama. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha walimu wengine. Dada yetu kitinda mimba alipoonekana kwamba atafika chuo cha uuguzi, nilikuja Doha. Nilimwacha mdogo wangu aangalie nyumba.

Hakuiangalia kwa muda mrefu. Alimpata wakala aliyemwahidi kazi ya uhudumu hotelini. Nilimkataza kwenye simu mpaka salio likaisha. Alikuja hata hivyo, na hoteli aliyoikuta ilikuwa bado haijajengwa. Walimpa helmeti, wakampandisha kwenye vyuma.

Kambi yake ilikuwa mitaa kadhaa kutoka yangu. Kila Ijumaa alikuwa akija kwa miguu, ananyoosha miguu kitandani kwangu, anasema, "Kaka, leo nani anapigwa?" Mwanzoni nilifurahi kumwona. Baadaye nikaanza kuitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba hata soksi inaacha mtaro. Tulikwenda kliniki, na daktari Mhindi akatuambia bila kuzunguka kwamba figo zinaumia, jua na kiu vinazimaliza, na asipoacha kazi ile kabla ya kiangazi asije akamlaumu mtu. Foremani wake hakuwa mbaya. Alisema akiomba mwenyewe, kampuni itampa ruhusa ya kutoka nchini, kwa sababu hakuna anayetaka mgonjwa kambini.

Ilibaki aombe tu. Hakutaka. Mimi nilikuwa na Ijumaa za majira ya baridi kumshawishi.

Simjui mtu mwingine aliyewahi kumbembeleza ndugu yake mbele ya makauboi, lakini ndipo tulipokuwa. Nilisubiri matangazo. Nikisema neno, alisema, "Wacha imalizike." Ikimalizika alisema basi la kazini linatoka alfajiri, acha akalale.

Kuna sehemu moja ilituchelewesha wiki nzima. Mpiga bastola maarufu amekaa hotelini akisubiri pambano la jioni. Anabisha hodi seremala wa mji, mtu mpole mwenye penseli, amekuja kumpima jeneza. Mpiga bastola anacheka, kisha anakasirika, kisha wanaanza kujadiliana mbao. Anataka mvinje. Seremala anasema mvinje umeisha, ulichukuliwa na mpinzani wake asubuhi. Ni mazungumzo ya kuchekesha, na hofu inaingia polepole, kama maji chini ya mlango. Mwisho wake ndio ulionishangaza. Pambano hatulioni. Tumebaki karakanani na seremala. Mbao mbili zimeegemezwa ukutani, ubao mmoja kwa kila mpiganaji. Mlio mmoja unasikika kutoka barabarani. Anainua kichwa, anaweka penseli sikioni, anachukua ubao mmoja. Inaishia hapo.

"Ni ubao gani?" mdogo wangu aliuliza.

"Ule wa mpinzani," Mganda alisema. "Steringi hafi."

"Wewe ulisikia wapi? Hakuna aliyesema kitu."

"Ssebo, mimi ndiye mtafsiri. Nikisema ni ule, ni ule."

"Kwa hiyo seremala naye unamtafsiri mkono?"

"Hata mbao nazitafsiri. Uliza Kampala."

Walicheka wote, na mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa. Wiki ile alinipigia simu kutoka kazini, kutoka juu ya vyuma huko Al Wakrah, kuniambia kwamba amefikiri na ni ubao wa kushoto, ule mwembamba, kwa sababu seremala aliuchukua kwa mkono mmoja na mpiga bastola alikuwa mtu mwembamba. Nilimuuliza, watengenezaji wangekuwa wamefikiria hivyo kweli? Akasema hao walifikiria kila kitu, kaka, hao walikuwa na dakika chache tu na hawakupoteza hata moja. Nilisimama getini nimeshika simu, nikawaza kwamba mtu mwenye akili hii anabeba mabomba.

Basi ikaja ile ya ndugu wawili.

Kaka mkubwa anapanda milimani kwenye machimbo ya fedha, amepanda farasi mmoja na anamvuta mwingine. Amekuja kumchukua mdogo wake. Anamkuta ndani ya hema, anakohoa vumbi. Kuanzia hapo hawatoki. Kaka anawasha jiko, anapika, anamkalisha mdogo wake kwenye kreti na kumkata nywele. Anazungumza huku anakata. Nimeona vipindi vingi lakini hiyo ndiyo kazi ya mikono iliyonigusa zaidi, kwa sababu mtu anayekatwa nywele hawezi kuondoka, na hawezi pia kukutazama usoni. Mlango wa hema uko wazi muda wote, na kila wanapogeuka tunawaona farasi wawili nje. Asubuhi kaka anateremka mlima na farasi wote wawili. Yeye hageuki. Farasi asiye na mtu ndiye anayegeuza shingo.

Kabla ya hapo mdogo anasema maneno machache, akiwa amesimama mlangoni na nywele zake mpya. Mganda aliyapokea bila kusita. "Anasema, 'Kaka, tangulia. Namalizia kazi ya wiki hii, nitakukuta nyumbani kabla chakula hakijapoa.'"

Chumba kiliridhika. Mtu akazima runinga ipoe. Kiingereza cha sinema sikishiki vizuri kikisemwa haraka, kwa hiyo niliyachukua yale kama yalivyotafsiriwa, na nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilimsindikiza mdogo wangu. Tulipita kwenye magereji, mafuta yameganda mchangani, watu wa kila taifa wamechuchumaa wakiongea na simu zao. Nikamwambia, "Umemwona yule? Hata yeye amekubali kwenda."

"Hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

"Alisema, huko nyumbani hakuna anayenisubiri ila wewe, na wewe uko hapa."

"Ni picha tu."

"Najua ni picha, kaka. Nani amefungua nyumba yetu leo?"

"Dada akifunga chuo ataifungua."

"Na chuo kikifunguliwa?"

Nikakanyaga mafuta, nikafuta kiatu mchangani.

"Nikirudi nitaingia kwa nani?"

"Kwa baba yako."

"Baba yangu ni nani, ukijitoa wewe?" Hakusema kwa hasira. Aliinama akavuta soksi. "Usinisukume niende kulala na kufuli. Hapa angalau Ijumaa nakuona."

Nilirudi chumbani nikalala bila kula. Nilikuwa nimejiona kama yule wa farasi wawili, mtu aliyekuja kuokoa. Kumbe aliyetengeneza kipindi kile alijua jambo ambalo mimi nilikuwa naishi ndani yake bila kulijua. Kaka alipopanda mlima, nyumbani kulikwisha.

Niliamua turudi wote. Nilikwenda kwa mandubu, yule mtu wa kampuni anayeshughulikia makaratasi na pasipoti zetu. Alinipa chai. Alinieleza kwa upole kwamba mkataba wangu haujaisha, mwenye kampuni yuko safarini, na bila yeye hakuna khuruj, yaani ruhusa ya kutoka nchini. Nirudi baada ya Ramadhani. Nilirudi. Akaniambia nirudi baada ya kiangazi.

Mdogo wangu nilipomweleza, alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani. "Hata wangekuruhusu," alisema. "Dada amebakiza mwaka wake wa mwisho. Tukirudi sisi wote, nani atamlipia?"

"Tutapata kazi huko."

"Ile ya kokoto?"

"Mungu atafungua mlango."

"Tukirudi wote wawili, kaka, atakayekuja huku ni yeye. Atakuja kuosha vyombo vya watu huko Al Rayyan, na wewe utakuwa ukimsubiri kwenye simu."



Ijumaa zikaendelea. Nitasema ukweli kwamba zilikuwa nzuri. Kulikuwa na ile ya mwalimu anayefundisha kijiji kizima kusoma ili waelewe mkataba uliowanyang'anya ardhi, wakishaelewa wanalia, kwa sababu mkataba ni halali. Kulikuwa na ile ya kipofu anayepika kwenye msafara na anayejua kwa harufu nani hatafika. Vipindi bora vilikuwa hivyo. Vilianza na vumbi na muziki kama vile vibovu, halafu katikati mtu anaweka bastola mezani na anaanza kuongea, na unajua leo hakuna atakayeshinda. Mganda alipigana navyo kwa nguvu zake zote. Aliwapa walioachwa wake wapya, akawapa maskini urithi. Mdogo wangu alimpigia makofi. Alikuwa akisikia maneno yenyewe, na akiyaacha yapite.

Nilimuuliza mara moja kwa nini hamsahihishi.

"Yeye anafanya kazi yake," alisema. "Mbona wewe humwambii dada ninavyoendelea?"

Kiangazi kikaja. Mchana walikatazwa kufanya kazi juani, lakini asubuhi ya Al Wakrah mwezi wa saba haina tofauti na mchana, na unyevu wa bahari unakaa kifuani kama blanketi lililoloa. Foremani ndiye aliyenipigia. Alisema mdogo wangu alishuka kutoka juu mwenyewe, ngazi kwa ngazi, akaketi kwenye kivuli cha tangi la maji, akaomba maji, na yalipofika hakuweza kushika kikombe.

Hospitalini walimfanyia yote waliyoweza, sina lawama kwao. Walimwosha damu kwa mashine. Nilipata ruhusa ya kumwona kila nilipotoka zamu. Uso wake ulikuwa umejaa, ngozi imebadilika rangi. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Alipoweza kukaa bila kushikwa, kampuni yake ikafuta viza yake na kumkatia tiketi. Ruhusa ya kutoka, ile niliyomsihi aiombe majira yote ya baridi, ilipatikana kwa asubuhi moja bila yeye kuiomba.

Mandubu wangu aliniruhusu nimsindikize mpaka uwanja wa ndege. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, begi lake mapajani, amevaa koti langu kwa sababu ya baridi ya ndani.

"Umeona," alinitania. "Umeshinda. Narudi."

"Dada ameomba ruhusa chuoni, atakupokea."

"Siku ngapi?"

"Chache."

"Sawa basi." Alinyoosha mkono anishike koti, kisha akakumbuka kwamba koti amevaa yeye, akacheka. "Usilie hapa, kaka. Watadhani nimekufa."

Mhudumu akamsukuma akaingia mlango ambao mimi sikuweza kupita.

Hiyo ni miaka kadhaa sasa. Mganda amerudi kwao, nasikia anaendesha teksi na vibanda vya video vimekufa, kila mtu ana simu yake. Idhaa ile ilibadilishwa ikawa ya mapishi. Vipindi vingine nimevitafuta kwenye simu na nikavipata, sauti imeharibika. Vile vizuri bado ni vizuri. Nimegundua pia vingi nilivyovisifu kumbe vilikuwa vya kawaida, ila chumba kilikuwa kimejaa.

Dada alimaliza chuo. Anafanya kazi katika zahanati, na kaka yake, mdogo wangu, yuko nyumbani. Mara mbili kwa wiki anapelekwa hospitali ya kaunti, kwenye mashine, ikiwa mashine haijaharibika. Mshahara wa dada hautoshi hata nauli na dawa. Kwa hiyo mkataba wangu ulipoisha, na mandubu akaniambia kwa mara ya kwanza kwamba niko huru kwenda, nilitia sahihi mwingine. Kisha nikatia mwingine. Nilitaka arudi nyumbani, amerudi, na kwa sababu amerudi mimi siwezi.

Watu wa kanisani huniambia nitumaini. Nasali nao. Kutumaini nini, sijui, kwa kuwa kila mlango ninaoufungua upande huu unafunga mwingine upande ule. Naamka, nanyoosha yunifomu, napanda basi la kampuni, nasimama getini. Hilo naliweza, na nitaendelea nalo.

Mwezi jana mdogo wangu alinipigia mwenyewe, mchana, jambo ambalo halifanyi kwa kuwa mchana hulala. Alikuwa ameketi nje. Nilisikia kuku.

"Dada anasema unataka kuja Desemba," alisema.

"Nilifikiria. Hata wiki mbili."

"Tiketi na hizo wiki bila mshahara, ni mashine ya muda gani?"

"Umeshapiga hesabu wewe."

"Nimepiga." Alivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. "Usije, kaka. Ukija nitafurahi sana, halafu nitakufa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia duka limefungwa.

"Najua," nikamwambia.

Hakukata simu, nami sikukata. Gari likapiga honi, nikafungua geti, likapita, nikafunga. Nikamuuliza kama amekula. Akasema atakula dada akirudi kutoka kazini.